Sindano Mbili za Balozi

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji Serikali ilitupanga mstarini kama watoto wa darasa la kwanza. Alikuja kijana mmoja kutoka wilayani na kamba ya katani na mzigo wa vigingi, akapima kwa hatua, akasema nyumba hapa, nyumba pale, choo kule. Hakuuliza nani ni nani kwa nani. Mimi, mjane mwenye ng'ombe watatu na paka mmoja, nikapata kiwanja cha saba. Ng'ambo ya njia, mlango ukitazamana na mlango wangu, kiwanja cha nane wakampa Rubeni, bwana mifugo wa kijiji. Huyo Rubeni ndiye aliyemuoa binti yangu Bhoke. Ni mkwe wangu.

Kwa mtu wa mbali hilo si neno. Kwetu sisi Wakurya lilikuwa balaa. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, yeye hakanyagi ndani kwangu wala mimi ndani kwake, na jina langu halipiti mdomoni mwake hata akiota. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Zamani haikuwa kazi ngumu, kwa sababu binti alikuwa anaolewa vilima viwili kutoka kwa mama yake, na vichaka vilikuwepo. Sasa yule kijana wa kamba alikuwa amevifyeka vichaka vyote ili kijiji kipendeze.

Wajukuu zangu nimewategea kitendawili hiki mara nyingi na bado kinawashinda: wanaonana kila siku na hawajaonana hata siku moja. Wanasema jua na mwezi, wanasema macho mawili. Ni mimi na baba yenu, nawaambia.

Tukabuni njia zetu. Rubeni akitaka kutoka nje alikohoa mara tatu, nami nikaingia ndani. Mimi nikitaka kutoka niligonga sufuria kwa mwiko. Alikohoa sana mwaka ule, mpaka Hezekia, mganga wa zahanati, akamwita ampime kifua.

Sasa huyo paka. Jina lake lilikuwa Balozi. Balozi wetu wa nyumba kumi, yule mtu mwenyewe, alilalamika kwenye kikao kwamba nimemdhalilisha. Nikasema paka wangu anazitembelea nyumba zote kumi kila siku, naye je? Kikao kikacheka, jina likabaki. Alikuwa dume la rangi ya majivu, kichwa kama ngumi, sikio moja limechanika kwa vita vya kugombea wanawake. Kwetu hakuna desturi ya kumpenda paka. Ng'ombe anapendwa, paka anaajiriwa. Kazi yake ni panya wa kwenye kihenge na mshahara wake ni makombo. Lakini tangu mume wangu azikwe, aliyekuwa akilala miguuni pangu ni Balozi, na nilikuwa sijamwambia mtu, kwa sababu wangenicheka mpaka Mugumu mjini.

Mwaka wa pili kijijini alianza kunywa maji. Si kunywa kwa paka, kulamba lamba na kuondoka. Alikuwa anainamia beseni kama ndama. Akimaliza la kwangu anakwenda kwa jirani. Na alivyokuwa anakunywa ndivyo alivyokuwa anakojoa, hapa, pale, popote, yeye aliyekuwa anafukia kwa adabu kuliko watu wengi ninaowajua. Tena akawa anakula nyumba zote kumi na bado anakonda, mgongo umetokeza mifupa kama dari bovu. Nikategua mwenyewe kitendawili ambacho sikukitega: mtungi unaojazwa mchana kutwa na haushibi, kwa sababu umetoboka chini.

Majirani walikuwa na majibu yao. Wengine walisema minyoo. Mmoja akasema amerogwa na panya. Mwenyekiti wetu Heche akapita, akamwangalia, akasema, "Mama Bhoke, huyo mwezi huu hamalizi. Nitakuletea mwingine, kwangu wamezaliwa wanne." Alisema kama mtu anayezungumzia mpini wa jembe. Nikamjibu ahsante, nikaingia ndani, nikakaa na Balozi mapajani. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Aliyegundua ni Rubeni. Balozi alikuwa amekojoa kwenye kizingiti cha mlango wake, kwa sababu paka hana heshima ya ukwe, na asubuhi Rubeni akakuta sisimizi wamejipanga pale mstari mnene, wengine wanakuja, wengine wanarudi. Mtu mwingine angefagia. Yeye alikuwa amesoma chuo cha mifugo miaka miwili, akachuchumaa na kuwatazama. Kisha akamwambia Bhoke kwa sauti kubwa, ili mimi ng'ambo nisikie bila kuambiwa, kwamba inatakiwa apate mkojo wa paka huyo, safi, kwenye chombo.

Bhoke alimfuata Balozi siku mbili na sahani ya bati. Mbwa huinua mguu ukajua wakati umefika, lakini paka hainui mguu, hatoi taarifa. Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, anapita kijijini ameinama nyuma ya paka na sahani, na watu wakimuuliza anatafuta nini anasema hajui, mume wake ndiye anajua. Siku ya pili jioni akarudi na vijiko vitatu.

Hezekia alichemsha huo mkojo kwenye kichupa pamoja na dawa yake ya buluu, juu ya taa ya spiriti. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, njano ikaishia rangi ya tofali la kuchoma. Akashtuka. Kwenye kadi alikuwa ameandika jina, Balozi, na umri, miaka saba, akatuma ujumbe mtoto huyo aletwe haraka na mzazi wake, ana ugonjwa wa kisukari mkali. Nikampeleka ndani ya kapu. Hezekia aliangalia kapu, akaangalia kadi, akachana kadi. Lakini ugonjwa haukuchanika.

Kijiji kilifurahi sana. Duka la kijiji lilikuwa halina sukari tangu Pasaka, tulikuwa tunakunywa chai ya chumvi kama wagonjwa wa tumbo, na sasa ikajulikana kwamba sukari yote ya kijiji iko kwa paka wangu. Vijana wa kwenye kilabu walinisimamisha njiani wakitaka nimkamue.

Dawa yake, Rubeni alisema, akiongea na ukuta wake nami nikisikiliza nyuma ya ukuta wangu, ni sindano kila siku, dawa ileile ya watu. Na dawa hiyo zahanati haina. Watu wenyewe wanaifuata hospitali kubwa, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Kisha akasema, labda kwa marehemu Tomaso.

Tomaso alikuwa katekista wetu. Alikuwa na kisukari miaka mingi, na alikuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla ya hapo, si kwa sukari, kwa kuanguka na baiskeli akitoka Issenye. Mke wake Philomena ni rafiki yangu tangu usichana. Nilimkuta anapepeta ulezi. Nilizunguka sana na maneno, habari za watoto, habari za mvua, mpaka akaniambia niseme nilichokuja kusema kabla jua halijazama. Nikasema. Akaendelea kupepeta kidogo, halafu akaenda ndani na kurudi na chungu kidogo chenye mchanga mbichi. Ndani ya mchanga mlikuwa na vichupa vitano, na bomba la sindano la kioo limefungwa kwenye kitambaa.

"Chukua," akasema. "Marehemu hakuwapenda paka hata kidogo, lakini sasa hana la kusema."

Kwaya nzima ilisikia kabla ya Jumapili. Wapo waliosema ni dhambi dawa ya mtumishi wa Mungu kuingia kwenye makalio ya paka. Philomena akawauliza wanadhani kwa Tomaso ilikuwa inaingia wapi.

Ikabaki kazi ya kuchoma. Rubeni ndiye aliyejua, na Rubeni asingeweza kuingia kwangu wala kunitazama. Tukapanga Bhoke ajifunze kwa mumewe, kisha achome. Aliiona ncha ya sindano, akakaa chini taratibu, akazimia. Basi mwanafunzi nikawa mimi. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne kwa mapadri, hesabu nilizijua, na bomba lilikuwa na mistari.

Somo lilifanyika uani kwangu. Rubeni alikaa kwenye kigoda amenipa mgongo, mkononi ana kiazi kitamu kilichooza kidogo kiwe paka. Mimi nilikaa nyuma yake hatua kumi, uso nimeufunika khanga mpaka macho, na Bhoke katikati akiangalia mawingu asizimie tena. Bomba lichemshwe kila siku. Chupa isitikiswe, ibiringishwe kwenye viganja polepole. Mistari miwili, isizidi. Ngozi ya shingoni inyanyuliwe iwe kama hema, sindano iingie chini ya hema. Paka ale kwanza, ndipo achomwe. Tena ale nyama, dagaa, panya wake. Ugali basi, uji basi, viazi basi.

Bhoke alikuwa anarudia kila neno, "Anasema mistari miwili, mama," ingawa nilikuwa nimesikia. Mwisho mgongo ule ukasema neno moja ambalo Bhoke alilirudia mara mbili. Dawa ikizidi kuliko sukari iliyomo mwilini, atayumba kama mlevi, atatoa mate, ataanguka, na asipopata kitu kitamu mdomoni haraka atakufa siku hiyohiyo.

Nilichoma kiazi mara nne. Kisha nikamchoma Balozi, naye aligeuka tu kuniangalia, kama mtu aliyeguswa kwenye foleni.

Siku za shamba la kijiji, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mimi huondoka alfajiri kengele ikilia, kabla Balozi hajarudi kutoka kwenye mizunguko yake. Siku hizo tukakubaliana, kupitia kwa Bhoke, achome Rubeni. Chungu cha dawa nilikiweka chini ya kihenge, nje, kivulini, ili akifikie bila kunikaribia. Siku nyingine zote zangu. Nilipita nyumba tisa moja moja kuwaambia wasimpe Balozi ugali tena, na nyumba nane zikaniahidi na tatu zikatimiza. Hata hivyo akaanza kujaa mashavuni. Beseni la maji likawa linabaki na maji. Wiki ya sita nilimkuta na panya mdomoni, mzima, anapiga mateke, na nikamsifu kwa sauti kubwa kijiji kizima kisikie.

Ndipo ikaja Ijumaa ile.

Kengele ililia alfajiri kama kawaida, lakini mpiga mbiu akapita akisema leo shamba hakuna. Mgeni mkubwa anakuja kutoka mkoani, watu waoge, wakusanyike uwanjani saa nne. Rubeni hakuyasikia hayo. Alikuwa ameshakwenda josho tangu usiku haujaisha kuogesha ng'ombe wa watu. Aliporudi, kwa hesabu yake, ni Ijumaa, mama mkwe yuko shambani, na Balozi amelala chini ya kihenge na vichwa vya dagaa vimebaki kwenye kigae. Kwa hiyo ameshakula. Akamchoma.

Na mimi nilikuwa ndani. Nilisikia kikohozi chake, mara tatu, kwa mazoea yake tu. Nikafikiri amekuja kumwangalia ndama wangu mwenye kitovu kilichovimba. Mlango ulikuwa wazi, na ningegeuza kichwa kidogo tu ningeona kila kitu. Lakini mimi ni mama mkwe mwenye adabu zangu. Niligeukia ukuta, nikajifunika khanga kichwani, nikahesabu nyufa mpaka hatua zake zilipopotea. Naye alipoona mlango uko wazi alijua nipo, akaondoka mbio kama mwizi wa kuku, hakuthubutu hata kumtuma mtu aniambie ameshachoma.

Nikatoka. Leo siendi shamba, nikajiambia, basi zamu ni yangu. Nikachemsha bomba, nikabiringisha chupa, nikavuta mistari miwili.

Watu walipokwenda uwanjani mimi nilibaki natafuta khanga yangu nzuri. Jua lilikuwa limepanda hasa nilipomwona Balozi anakuja kutoka uani. Alikuwa anatembea upandeupande kama anasukumwa na upepo ambao mimi siusikii. Akagonga mguu wa kitanda. Akajaribu tena akagonga tena. Mate yakawa yanamtoka, kisha akalala ubavu, miguu ikaanza kupiga mateke hewani.

Nilijua mara moja, maana Bhoke alikuwa ameyarudia mara mbili. Nikatafuta kitu kitamu. Sukari hakuna, asali hakuna, miwa yote ilikuwa imeliwa. Nyumba nzima hapakuwa na kitamu isipokuwa mdomo wangu. Nikabisha nyumba ya sita na ya tisa, hakuna mtu, wote wako kumwimbia mgeni. Nikamfunga Balozi kifuani kwa khanga ile nzuri, nikajitupia blanketi kichwani, nikakimbia.

Uwanja ulikuwa umejaa. Kina mama walikuwa wanaimba, mgeni ameketi kwenye meza yenye kitambaa, kushoto kwake Mwenyekiti Heche, na nyuma yao Rubeni na daftari lake, anangoja kusoma taarifa ya mifugo. Nikapita katikati ya waimbaji. Waliponiona nakwenda moja kwa moja pale alipo mkwe wangu, wimbo ulikatika kidogo kidogo, sauti ya kwanza, ya pili, mwisho akabaki bibi mmoja kiziwi anaimba peke yake. Watoto wakapiga kelele kwamba Balozi anakufa. Mgeni akasimama kwa heshima, akamwambia Heche kwamba kiongozi akiugua hotuba zinaweza kusubiri.

Rubeni aliinua daftari akaficha uso. Nilisimama mbele yake na blanketi langu, umbali ambao binti yangu tu ndiye anaruhusiwa.

"Mkwe," nikasema, "mama mkwe wako hayupo hapa. Hapa kuna blanketi na paka."

"Rudi nyumbani, mama, nakuomba," akaliambia daftari. "Nimeshamchoma asubuhi."

"Hata mimi nimemchoma."

Daftari likashuka. Miaka minne alikuwa amemuoa mwanangu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliona mkwe wangu ana macho ya namna gani. Ni ya kahawia, na siku hiyo yalikuwa makubwa kama ya ndama.

"Sukari," akasema. "Sasa hivi. Kwenye fizi."

Na sukari ilikuwepo. Ilikuwa mezani, kwenye bakuli lenye michoro ya maua, nyeupe, imejaa mpaka inamwagika, pembeni ya birika la mgeni. Kijiji kizima kilikuwa hakijaona kijiko kimoja tangu Pasaka. Niliponyosha mkono, Heche akafunika bakuli kwa kofia yake.

"Hiyo ni ya mgeni, mama Bhoke."

"Mgeni ana mdomo mmoja," nikasema. "Hiyo ni ya kumtosha mpaka aoe tena."

Nyuma yangu mtu akacheka, kisha wengine, kisha sauti moja ya mwanamke ikauliza kwa upole kabisa sukari nyingine ya kijiji iko wapi. Heche aligeuka kumtafuta aliyesema, na mimi nikaitoa kofia, nikachota kwa vidole vitatu.

Kwa paka aliyekaza meno mtu mmoja hatoshi. Rubeni alipiga magoti akafungua taya, mimi nikapaka sukari ndani ya shavu na kusugua, naye akadondosha chai ya mgeni tone kwa tone kutoka kwenye kijiko. Mikono yetu iligongana, ikapishana, ikagongana. Yake ilikuwa inanuka dawa ya josho. Hakuna aliyeiondoa. Mimi nilikuwa naomba, sijui kwa Mungu yupi, wa katekista au wa bibi zangu, yeyote aliyekuwa na nafasi. Nikamwahidi dume langu jeusi la ng'ombe. Nikamwahidi kuacha ugoro.

Miguu ikaacha kupiga mateke. Nikafikiri ameshakwenda. Nikaweka sikio kwenye mbavu zake, blanketi likaanguka, na mbele ya mkoa na wilaya na kijiji nikawa kichwa wazi, nywele zangu nyeupe, uso wangu wote mbele ya mkwe. Sikuliokota.

Rubeni akaongeza sukari. Tulingoja muda wa mtu kula sahani ya ugali. Kisha Balozi akafungua jicho moja, akamwangalia Rubeni, akamuuma kidole.

Sijawahi kuona mwanamume akifurahia kuumwa namna ile. Balozi akasimama, akayumba, akapanda mezani, akanywa maziwa ya mgeni yaliyokuwa kwenye jagi. Mgeni, nampa haki yake, alisogeza kikombe ampishe. Aliuliza tu kama paka wote wa kijiji wana huduma kama hii, na Heche akajibu ndiyo, mpango upo.

Kesho yake sukari ikagawiwa, robo kilo kila nyumba. Heche alisema ilifika usiku. Hatukubishana naye. Tulikunywa chai.

Lakini la sukari lilikuwa dogo. La mkono wa mkwe lilikwenda kwa wazee. Walikaa siku ya Jumatatu, mzee Nyangwine akiwa mkubwa wao, mtu aliyekuwa ameota meno upya kwa ukali. Mimi nilikaa upande mmoja wa ghala la kijiji na Rubeni upande mwingine, ghala likiwa katikati. Wakaniuliza kwa nini nilimtazama mkwe. Nikasema nilikuwa namtazama paka, mkwe alikuwa nyuma ya paka.

"Na mkono?" akauliza Nyangwine.

"Mkono hauna macho, mzee."

Akafunika mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalimsaliti. Wazee walinong'ona kwa muda mrefu. Wapo waliotaka tuhamishwe viwanja, wakakumbuka kwamba viwanja ni vya Serikali na kijana wa kamba harudi. Mwisho wakakata hivi: mbuzi mmoja kutoka kwangu na mmoja kutoka kwa Rubeni, waliwe na wazee, ambao kwa bahati walikuwa na njaa. Na kwa kuwa kosa lililetwa na kutosemezana, tukapewa ruhusa ya kusemezana, ukuta ukiwa katikati, asubuhi mara moja, kwa mambo ya paka tu, na mpaka paka apone. Akipona au akifa, kila mtu na kimya chake.

Basi kila asubuhi Rubeni akawa anakuja nyuma ya ukuta wa jiko langu. Anakohoa, anasema, "Shikamoo, mama. Balozi ameamkaje?" Nasema marahaba, ameamka, amekula, nimemchoma mimi, usimguse. Siku zake anasema yeye. Wiki za kwanza yalikuwa hayohayo. Kisha siku moja nikasema Balozi anaona Bhoke anabeba maji mengi mno na tumbo lile. Kesho yake nikaona mwanamume wa Kikurya anashuka mtoni na ndoo, na vijana wa kilabu wakimwimbia njia nzima, "We mura, we kijana, umeolewa lini?" Akarudi na ndoo imejaa.

Baada ya hapo Balozi akawa na maoni juu ya kila jambo. Alitaka kujua ndama wa kitovu anaendeleaje. Alisikitika kusikia mama yake Rubeni hakulala vizuri. Rubeni alimweleza Balozi kwamba alikuwa anataka kusoma zaidi na baba yake alikataa, na Balozi akamjibu kwamba baba yake alikuwa mpumbavu, Mungu amlaze pema. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, Rubeni alikuja mbio usiku haujaisha, hakukohoa, akauambia ukuta, "Mama, mwambie Balozi amepata mjukuu."

Na Balozi akanenepa. Nyumba tisa zilikuwa zimeona mauti yake kwa macho, zikaogopa hata kumtupia punje ya ugali. Alikuwa anakula dagaa na panya kama mababu zake. Bhoke akarudi na sahani ya bati, mtoto mgongoni, na Hezekia akachemsha. Buluu ikabaki buluu. Rubeni akapunguza mistari miwili kuwa mmoja, mmoja kuwa nusu. Wiki mbili hakuchomwa kabisa, na buluu ikabaki buluu. Chupa ya mwisho ya Tomaso nikamrudishia Philomena, naye akaiweka kwenye dirisha la pale anaposalia.

Mtu angefikiri nilicheza ngoma. Nilikaa jikoni na huyo paka, mnene, mzima, ananisugua miguuni, nikamtazama kwa hasira. Mzee Nyangwine alikuwa ameshatuma salamu kwamba amesikia mgonjwa amepona, na kwamba anategemea mambo yarudi yalivyokuwa.

Asubuhi ile Rubeni alikohoa nyuma ya ukuta. Nilimsikia akikwaruza udongo kwa kidole cha mguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe."

"Hezekia ameniambia jana."

"Nami nimeambiwa."

Balozi alikuwa amelala kwenye jua mlangoni, tumbo juu, hana hata aibu. Nikamfunika kwa ungo, ingawa ukuta ulikuwa katikati na hakuna aliyekuwa anamwona.

"Lakini leo amekunywa maji," nikasema. "Mengi kidogo. Sikuyapenda yale maji, mkwe."

Rubeni, ambaye buluu ile aliiona kwa macho yake, alikaa chini upande wa pili. Nilisikia mgongo wake ukiegemea ukuta.

"Hata mimi nilikuwa na wasiwasi, mama," akasema. "Paka huyu bado anahitaji kuangaliwa sana."